Chujio la Giaboksi: Je, Kubadilisha Oili Huua Gari Kuukuu?

Pikapu aina ya Chevrolet Silverado imekwisha kwenda kilomita 250,000. Giaboksi yake ni ya otomatiki, na tangu gari lilipotoka kiwandani haijafunguliwa hata mara moja. Je, mwenye gari abadilishe oili na chujio lake, au aache mambo yalivyo?

Swali hili ni la kawaida katika gereji za Marekani, ambako pikapu za namna hii ni nyingi mno. Siku hizi limekuwa letu pia, kwani mengi ya magari yaliyotumika yaletwayo Afrika ya Mashariki kutoka Japani yana giaboksi za otomatiki. Fundi mmoja atamwambia mwenye gari, "Badilisha leo, umechelewa." Mwingine atamwambia, "Ukiigusa, imekufa." Wote wawili wana uzoefu wa miaka mingi, na kila mmoja anao mfano wa gari alilolishuhudia kwa macho yake. Anayelipa gharama ni mwenye gari, na giaboksi nzima ni kitu ghali.

Katika makala haya tutalichunguza swali hilo kwa njia ya sayansi. Mwalimu wa fizikia atakuta humu mifano ya kanieneo, mnato, msuguano na joto. Mwanafunzi atakuta jambo kubwa zaidi, nalo ni namna ya kutofautisha kitu kilichosababisha tukio na kitu kilicholitangulia tu. Mfano wetu utakuwa giaboksi ya 4L60-E ya kampuni ya General Motors, iliyofungwa katika pikapu na magari mengine mengi ya kampuni hiyo tangu mwanzoni mwa miaka ya 1990 hadi mwanzoni mwa miaka ya 2010.

KAZI ZA OILI

Katika injini, kazi kubwa ya oili ni kulainisha. Katika giaboksi ya otomatiki, oili hulainisha na kupoza, lakini ina kazi nyingine mbili ambazo bila hizo gari halisogei kabisa.

Kwanza, oili hupeleka nguvu kutoka kwenye injini. Chukua feni mbili uzielekeze moja kwa nyingine, kisha uwashe moja. Upepo wake utaizungusha ile ya pili, ingawa hazikugusana. Ndivyo ifanyavyo konveta iliyo kati ya injini na giaboksi, ila badala ya hewa hutumia oili. Wazo hili lilibuniwa na mhandisi Mjerumani, Hermann Föttinger, aliyepata hataza mwaka 1905 akiwa anashughulikia mitambo ya meli.

Pili, oili hubana klachi. Ndani ya giaboksi mna seti kadhaa za sahani za msuguano. Pampu husukuma oili nyuma ya pistoni, pistoni hubana sahani, na gia fulani hushika. Oili ikiondolewa nyuma ya pistoni hiyo, gia huachia. Kubadilisha gia, basi, ni kuielekeza oili huku na kule kwa wakati wake.

Hapo pana jambo la ajabu. Oili hiyo hiyo hutakiwa iwe telezi ili vyuma visilikane, tena iruhusu sahani zishikane barabara. Mambo hayo mawili hupatanishwa kwa kemikali zinazoongezwa kwa kipimo ili kurekebisha msuguano. Hadi mwanzoni mwa miaka ya 1970, kemikali muhimu ya namna hiyo nchini Marekani ilitokana na mafuta ya aina moja ya nyangumi mkubwa mwenye meno. Nyangumi huyo alipowekwa chini ya ulinzi wa sheria, wakemia walilazimika kutafuta badala yake. Kemikali hizi, kama kemikali nyingine, huchakaa. Joto na oksijeni huzivunja, na kwa makadirio yatumikayo sana, kila halijoto ikipanda nyuzi 10 za Selsiasi, kasi ya uharibifu huo huongezeka karibu maradufu.

CHUJIO NA MPAKA WA KUVUTA

Chini ya giaboksi kuna bakuli la bati ambalo mafundi huliita sampu. Oili hutua humo, na pampu huivuta kupitia chujio lililozama ndani yake. Kumbuka kwamba chujio hili liko upande wa pampu unaovuta, si upande unaosukuma. Tofauti hiyo ni ya maana sana.

Upande wa kusukuma, kanieneo, yaani kani juu ya kila kipande cha eneo, inaweza kuzidi kilopaskali 1,000 gari likiwa kazini. Upande wa kuvuta hauna uwezo wa namna hiyo. Kwa kweli pampu haivuti. Hupunguza kanieneo mbele yake tu, na hewa iliyo juu ya oili katika sampu ndiyo inayoisukuma oili kuingia. Kwa hiyo nguvu yote ya kuipitisha oili katika chujio haiwezi kuzidi kanieneo ya hewa. Usawa wa bahari, kama Dar es Salaam au Mombasa, hiyo ni kilopaskali 101 hivi. Mjini Denver nchini Marekani, kwenye kimo cha takriban mita 1,600, ni kilopaskali 83 hivi, na Nairobi haitofautiani sana na Denver.

Sasa tufikirie tundu dogo la chujio kama bomba jembamba. Mtiririko wa kiowevu kizito katika bomba la namna hiyo hufuata nusukipenyo kilichopandishwa kwa kipeo cha 4. Uchafu ukipunguza nusukipenyo cha tundu kikawa nusu, oili ipitayo kwa kanieneo ile ile haiwi nusu. Huwa sehemu moja ya 16. Asubuhi, oili ikiwa baridi na mnato wake mkubwa, hali huwa mbaya zaidi. Pampu hukosa oili ya kutosha, mapovu hutokea, na kwa kuwa mapovu hubanika ilhali oili karibu haibaniki kabisa, klachi hazipati msukumo ulio thabiti. Dereva husikia pampu ikilia, au huona gari likikawia kuondoka baada ya kuweka gia.

HESABU YA KLACHI INAYOTELEZA

Tuone kwa tarakimu madhara ya kanieneo kushuka. Tarakimu hizi ni za mfano wa darasani. Tuseme pistoni ina eneo la sentimita 100 za mraba, na kanieneo ni kilopaskali 800. Kani ya kubana ni:

800,000 × 0.01 = nyutoni 8,000

Tuseme kigawe cha msuguano ni 0.12, wastani wa nusukipenyo cha sahani ni mita 0.07, na nyuso zinazosuguana ni 8. Momenti ya mzunguko inayoweza kubebwa na klachi ni:

0.12 × 8,000 × 0.07 × 8 = nyutoni mita 538, kwa kukadiria

Iwapo mzigo unadai nyutoni mita 450, klachi inashika na kuna ziada. Lakini kanieneo ikishuka hadi kilopaskali 600, uwezo wa klachi utakuwa nyutoni mita 403 tu. Sasa inateleza. Ikiteleza kwa mizunguko 50 kwa dakika, sawa na radiani 5.24 kwa sekunde, nishati inayogeuka kuwa joto ni:

403 × 5.24 = wati 2,110, kwa kukadiria

Hilo ni joto la pasi mbili za umeme za wati 1,000 kila moja, limefungiwa ndani ya giaboksi. Oili yote ya giaboksi hii ni lita 10.6 hivi, uzito wake kama kilo 9, na kila kilo huhitaji takriban kilojuli 2 ili kupanda nyuzi 1. Kama joto hilo lisingeondolewa na kipozeo, oili ingepanda nyuzi 1 kila sekunde 8 au 9, sembuse uso wa sahani zenyewe, unaopokea joto hilo kwanza.

Hebu sasa tuunganishe mnyororo. Chujio likiziba, kanieneo hushuka. Kanieneo ikishuka, klachi huteleza. Klachi ikiteleza, huungua na kumwaga nyuzinyuzi za sahani zake ndani ya oili. Nyuzinyuzi hizo huenda kwenye chujio na kuliziba zaidi. Madhara hurudi kuwa sababu. Ndiyo maana giaboksi inaweza kwenda vizuri kwa miaka mingi, kisha ikaharibika kwa majuma machache.

MWAVULI NA MVUA

Turejee kwa fundi wa pili, asemaye kwamba oili mpya huua giaboksi kuukuu. Haongopi, ameona magari yaliyobadilishwa oili leo yakakwama mwezi uliofuata. Lakini tuulize: ni watu gani wanaokumbuka kubadilisha oili baada ya kilomita 250,000? Wengi wao ni wale ambao gari limekwisha anza kuteleza. Wanaleta mgonjwa aliye mahututi, wanampa dawa, mgonjwa anafariki, na dawa inalaumiwa. Watu hufungua miavuli mawingu yanapotanda, kisha mvua hunyesha. Hata hivyo hakuna asemaye kwamba mwavuli ndio ulioleta mvua.

Ili kulipima dai hili kwa haki, ingetupasa kuchukua giaboksi nyingi zenye hali moja, nusu zibadilishwe oili na nusu zisibadilishwe, kisha zote zifuatiliwe. Kumbukumbu ya magari yaliyokufa peke yake haitoshi, kwani yale yaliyobadilishwa oili yakaendelea salama hayarudi gereji kutoa ushahidi.

Hata hivyo haitakuwa uungwana kulitupa dai zima. Lina chembe ya ukweli. Klachi iliyochakaa mno inaweza kuwa inashika kwa shida ndani ya oili iliyokwisha poteza kemikali zake, na oili mpya, iliyo telezi zaidi, ikaufichua udhaifu huo. Vilevile kusafisha kwa mashine isukumayo oili kwa nguvu kunaweza kung'oa utando wa zamani na kuupeleka kwenye vali nyembamba. Lakini kumbuka kwamba kufungua sampu hakutoi oili yote. Katika giaboksi hii hutoka kama lita 4.7 kati ya 10.6, nyingine hubaki ndani ya konveta na mabomba. Kwa hiyo baada ya badiliko la kwanza, oili ya zamani iliyobaki ni:

(10.6 − 4.7) ÷ 10.6 = 0.56

Baada ya badiliko la pili itakuwa 0.56 × 0.56, yaani karibu 0.31, na baada ya la tatu, karibu 0.17. Hii ni njia ya upole. Anayeogopa mabadiliko ya ghafula anaweza kubadilisha kidogo kidogo, kwa kuachana kilomita elfu kadhaa.

UTARATIBU WA KAZI

Mwanafunzi asiifanye kazi hii bila fundi. Gari likianguka huua, na oili ya giaboksi iliyotoka safarini inaweza kuunguza ngozi vibaya.

1. Gari liwekwe mahali tambarare, magurudumu yazuiwe, na liegemezwe juu ya stendi imara. Jeki peke yake haitoshi. Oili iwe vuguvugu, si ya moto.

2. Safisha kingo za sampu kwa nje. Punje moja ya mchanga inayoingia ndani ni adui mpya.

3. Sampu ya 4L60-E hufungwa kwa bolti 16. Legeza zote, kisha ondoa za upande mmoja kwanza ili sampu iiname na oili itirike kwenye beseni kwa utaratibu. Pima oili iliyotoka na uandike kiasi chake.

4. Vuta chujio chini taratibu. Shingo yake huingia ndani ya sili, na mara nyingi sili ya zamani hubaki juu. Itolewe kwa uangalifu bila kukwaruza alumini. Shingo isipozibwa vizuri, pampu itavuta hewa badala ya oili, na chujio jipya litaleta ugonjwa ule ule wa chujio kuukuu.

5. Baada ya kuuchunguza uchafu, kama tutakavyoeleza, safisha sampu na sumaku yake kwa kitambaa kisichoacha nyuzi. Weka sili mpya, chujio jipya na gasketi nzima.

6. Kaza bolti kidogo kidogo kwa kupokezana pande, hadi nyutoni mita 11. Hicho ni kipimo kidogo: ukishika spana yenye urefu wa sentimita 20, utavuta kwa kani ya nyutoni 55 tu, kama kubeba mzigo wa kilo 5 na nusu. Wengi hukaza kwa nguvu zao zote, wakapinda bati, na oili ikavuja.

KUSOMA SAMPU

Hapa ndipo penye jibu la swali letu. Sampu ni kumbukumbu ya maisha ya giaboksi, na asiyeitazama kabla ya kuiosha ameharibu ushahidi.

Rangi nyekundu ya oili ni ya kutiwa tu, ili isichanganywe na oili nyingine, hailainishi chochote. Kwa hiyo oili kuwa nyeusi kidogo si hukumu. Nyeusi pamoja na harufu ya kuungua ni jambo jingine.

Katika sampu mna sumaku. Ukikuta juu yake tope laini la kijivu, mfano wa rangi ya mafuta, usiogope. Huo ni uchakavu wa kawaida wa chuma. Vipande vinavyoonekana kwa jicho au vinavyochoma kidole ni habari mbaya. Chekecha pia oili iliyobaki katika sampu, kwani sumaku haishiki alumini wala shaba. Chembe za rangi ya dhahabu yamkini zimetoka kwenye bushi. Zile nyeupe zenye kung'aa zisizoshikwa na sumaku huenda ni alumini ya bodi au ya pistoni. Nyuzinyuzi nyeusi kwa wingi ni mabaki ya sahani za klachi.

Sasa tunaweza kuamua. Kama giaboksi inabadilisha gia vizuri na sampu ina tope laini tu, badilisha chujio na oili bila hofu, na mnyororo tuliouona utakatwa mapema. Kama inakawia au inalia lakini sampu ni safi, huenda kosa lilikuwa chujio, sili au upungufu wa oili, na kazi hii inaweza kuwa tiba kamili. Lakini kama inateleza na sampu imejaa nyuzinyuzi na vipande, chujio jipya halitaota nyama juu ya sahani zilizokwisha. Mwenye gari aambiwe ukweli, ili fedha zake aziweke kwa ajili ya matengenezo makubwa.

KUJAZA NA KUPIMA

Rudisha kiasi kile kile kilichotoka, ukianza na pungufu kidogo. Tumia aina iliyotajwa na mtengenezaji. Kwa 4L60-E ilikuwa Dexron III, ambayo General Motors iliacha kuipa leseni mwishoni mwa mwaka 2006. Mahali pake pamechukuliwa na Dexron VI. Oili za makampuni mengine, na hasa zile za giaboksi za mkanda zisizo na gia za hatua, zina viwango tofauti vya msuguano, na rangi kufanana si ushahidi wa kufanana.

Washa injini, pitisha mkono wa gia katika nafasi zote taratibu, kisha urudishe kwenye maegesho. Katika giaboksi hii oili hupimwa injini ikiunguruma na oili ikiwa na joto la kazi, kati ya nyuzi 82 na 93. Sababu ni kutanuka. Oili hutanuka takriban sehemu 0.0007 za ujazo wake kwa kila nyuzi 1. Kwa hiyo lita 10.6 zikipanda nyuzi 60 huongezeka karibu nusu lita. Anayejaza hadi alama ya moto oili ikiwa baridi, amezidisha. Magari mengine hupimwa injini ikiwa imezimwa. Kitabu cha gari ndicho cha kufuatwa.

Oili ya zamani isimwagwe ardhini wala mtaroni. Ihifadhiwe katika dumu lenye kifuniko na ipelekwe inakokusanywa.

JARIBIO LA DARASANI

Chukua bomba la sindano lisilo na sindano, mafuta ya kupikia na pamba. Vuta mafuta na uhesabu sekunde za kujaza bomba. Ziba mdomo kwa pamba kidogo, kwa namna isiyovuta hewa, na uvute tena kwa kani ile ile. Rudia kwa pamba zaidi, kisha kwa mafuta yaliyopozwa na yaliyopashwa moto kidogo. Mwisho, kaza pamba sana, vuta kwa ghafula, na uachie mpini. Wanafunzi waeleze kwa nini mpini unarudi wenyewe, na ni kitu gani kinachousukuma.

MASWALI

1. Giaboksi ina lita 8 za oili, na kila sampu inapofunguliwa hutoka lita 3. Ni lazima oili ibadilishwe mara ngapi ili ile ya zamani ipungue chini ya robo?

2. Pistoni ya duara yenye nusukipenyo cha sentimita 6 inasukumwa kwa kilopaskali 700. Tafuta kani yake.

3. Katika sampu umekuta chembe ndogo za aina tatu: chuma, shaba na alumini. Eleza utakavyozitenganisha kwa sumaku na kwa macho.

4. Watu wengi zaidi hufia hospitalini kuliko sokoni. Je, ni haki kusema hospitali ni hatari kuliko soko? Linganisha hoja hiyo na ile ya fundi wa pili.

Majibu ya hesabu: 1. Mara 3. 2. Karibu nyutoni 7,900.